Wachamoru wa Visiwa vya Mariana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Historia, Mila na Mapishi Yao

Wachamoru ni nani, na kwao ni wapi?

Ni wenyeji wa Visiwa vya Mariana, safu ya visiwa 15 upande wa magharibi wa Bahari ya Pasifiki, mashariki ya Ufilipino. Kikubwa kuliko vyote ni Guam, ambacho wenyewe hukiita Guåhan. Kina kilomita za mraba kama 540, yaani theluthi ya Unguja hivi. Kaskazini yake kuna Rota, Tinian na Saipan, kisha visiwa vidogo vya volkano ambavyo karibu vyote havina watu.

Sensa ya Marekani ya 2020 ilihesabu watu 153,836 Guam na 47,329 katika Mariana ya Kaskazini. Si wote Wachamoru. Guam kwenyewe Wachamoru ni kama theluthi moja. Wengine ni Wafilipino, watu wa visiwa vingine vya Mikronesia na wageni wa kila namna. Wachamoru wengi wamehamia Marekani bara, hasa California na jimbo la Washington, na wengi wao walianzia jeshini.

Walifika lini, na walitokea wapi?

Walifika miaka 3,500 hivi iliyopita, kwa vyombo vya tanga, wakitokea visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Ufilipino ndiyo inayotajwa zaidi, na kutoka huko hadi Guam ni zaidi ya kilomita 2,000 za bahari tupu. Waliacha vyungu vilivyopakwa udongo mwekundu, na vipande vyake bado vinachimbuliwa ufukweni.

Lugha yao ni ndugu wa mbali wa Kimalagasi. Hesabu ya zamani ya Kichamoru ya tatu, tano, saba na nane ni tulu, lima, fiti, gualu. Bukini husema telo, dimy, fito, valo. Ukoo ni mmoja, ila wengine walishika njia ya mashariki na wengine ya magharibi.

Chombo chao mashuhuri ni sakman, ngalawa yenye mrengu upande mmoja tu na tanga la pembe tatu. Mabaharia wa Ulaya walikistaajabia kwa mbio zake. Mwingereza George Anson alipotia nanga Tinian mwaka 1742, watu wake walikipima na kukichora, na mchoro huo ni miongoni mwa vitu vilivyowasaidia mafundi wa leo kukiunda upya.

Latte ni nini?

Ni nguzo za mawe zilizobeba nyumba. Kila moja ina sehemu mbili: haligi, yaani nguzo yenyewe, na tåsa, jiwe la mviringo kama bakuli linalokaa juu yake. Zilianza kusimamishwa kama miaka 1,000 iliyopita, zikaendelea hadi zama za Wahispania. Hupangwa safu mbili zinazotazamana, na juu yake huwekwa jengo la mbao lenye paa la majani.

Kule Tinian, nyumba iitwayo ya Taga ilikuwa na nguzo 12 zenye urefu wa zaidi ya mita 4. Leo imebaki moja tu iliyosimama. Rota, mahali paitwapo As Nieves, pana machimbo yenye mawe makubwa kuliko hayo, yakiwa bado ndani ya mitaro yalimochongwa, hayajanyanyuliwa. Guam unaweza kuona nguzo nane katika bustani ya latte mjini Hagåtña, ingawa zilihamishiwa hapo kutoka bonde la Fena.

Usipande juu ya latte wala usiichukue hata kokoto pembeni yake. Wafu walizikwa chini na kandokando ya nyumba hizo, kwa hiyo hapo ni makaburini.

Kwa nini watu wa asili moja wako chini ya serikali mbili?

Kwa sababu ya mwaka 1898 na 1899. Lakini tuanze nyuma kidogo.

Magellan, baharia aliyetumwa na Hispania, alifika Machi 6, 1521. Mashua ndogo ya meli yake ilichukuliwa, naye akashuka na watu wenye silaha, akachoma nyumba 40 hadi 50, akaua watu saba, akaviita visiwa hivyo vya wezi. Kwa wenyeji, mgeni aliyepewa maji na chakula alitakiwa kutoa kitu, na chuma kilikuwa na thamani kubwa. Mgongano ulianzia hapo. Hispania ilitangaza kuvimiliki mwaka 1565, ila ukoloni wenyewe ulianza 1668, alipofika padri Mjesuti Diego Luis de San Vitores. Aliuawa Aprili 2, 1672 huko Tumon na Matå'pang na Hirao, baada ya kumbatiza mtoto wa Matå'pang bila ridhaa ya baba. Vita viliendelea kwa vipindi hadi miaka ya 1690. Watu wa visiwa vya kaskazini walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vya kanisa. Ndui na magonjwa mengine yakamaliza kazi: sensa ya 1710 ilikuta watu wasiofika 4,000 kati ya makumi ya maelfu.

Mwaka 1898 Marekani iliipiga Hispania na kuitwaa Guam. Mwaka uliofuata Hispania iliwauzia Wajerumani visiwa vilivyobaki. Ndiyo kusema kwamba kuanzia 1899 hadi 1914 Saipan na Dar es Salaam zilikuwa chini ya Kaisari mmoja. Vita ya Kwanza ilipozuka, Japani ikavichukua visiwa vya kaskazini na kuvijaza mashamba ya miwa.

Kisha Desemba 8, 1941 Japani iliishambulia Guam pia, na siku mbili baadaye kisiwa kikasalimu amri. Hapa pana kidonda ambacho wageni wengi hawakijui: Wajapani walileta Wachamoru wa Saipan na Rota kuwa wakalimani na wasaidizi wa polisi Guam. Ndugu wakajikuta pande mbili. Marekani ilirudi Julai 21, 1944, na tarehe hiyo husherehekewa kila mwaka. Wapo Wachamoru wanaoiona sherehe hiyo ni halali kabisa, hasa familia zilizosukumwa kwenye kambi ya Manenggon, na wapo wanaouliza ni ukombozi gani huo, ikiwa baada yake ardhi ilichukuliwa kujenga kambi za jeshi. Hadi leo zaidi ya robo ya Guam iko mikononi mwa jeshi la Marekani.

Watu wa Guam walipewa uraia wa Marekani mwaka 1950, wale wa kaskazini, ambao nao walikuja kuwa chini ya Marekani baada ya vita, mwaka 1986. Wote hawapigi kura ya rais wakiwa visiwani kwao. Kura za kuunganisha Guam na kaskazini zilipigwa, na mwaka 1969 Guam ndiyo iliyokataa.

Lugha bado inazungumzwa?

Ndiyo, lakini hasa na wazee, ambao huitwa manåmko'. Utawala wa jeshi la majini la Marekani ulipiga marufuku Kichamoru mashuleni mwaka 1922, kamusi zikakusanywa na kuchomwa. Mtoto aliyeteleza alipigwa au kutozwa faini, na alipokuwa mzazi akaamua kuongea Kiingereza na wanawe. Mwaka 1974 Kichamoru kilitambuliwa kuwa lugha rasmi Guam pamoja na Kiingereza, kikarudi shuleni, na sasa kuna vikundi vinavyolea watoto kwa Kichamoru kitupu.

Maneno ya Kihispania yamejaa, ila sarufi ni yake. Ukitaka kuanza: Håfa adai ni salamu ya wakati wote, na asante ni Si Yu'os ma'åse'.

Mzee husalimiwaje?

Kwa mannginge'. Msomaji aliyezoea shikamoo ya kubusu mkono hatapata shida. Mdogo huinama, hushika mkono wa kulia wa mzee, huuleta puani na kuvuta pumzi kidogo juu ya vifundo vya vidole. Si busu. Ukifanya hivyo unasema Ñot kwa mwanamume au Ñora kwa mwanamke, naye hujibu Dioste ayudi, Mungu akusaidie. Chumba kikiwa na wazee kumi, unawazungukia wote kumi kabla ya kukaa wala kugusa chakula. Mgeni hatalaumiwa asipofanya. Kijana wa nyumbani ataulizwa ni mtoto wa nani.

Chenchule' hufanya kazi vipi?

Ni mchango wa fedha, chakula au nguvu kazi katika harusi, ubatizo, fiesta (sikukuu ya mtakatifu wa kijiji) au msiba. Ule wa msibani huitwa ika. Bahasha huandikwa jina la mtoaji nje, na familia huweka daftari: nani alileta nini, lini, kwa shughuli gani. Siku ya mtoaji ikifika, kitu cha kiasi hicho au zaidi hurudi kwake. Aliyechangiwa akifa kabla hajarudisha, deni hubaki kwa watoto wake, na daftari hurithiwa kama hati ya shamba.

Kosa la kawaida la wageni ni kutoa bahasha isiyo na jina kwa nia ya unyenyekevu. Hapo umewanyima wenyeji nafasi ya kukurudishia, na kwa mtazamo wao uhusiano umeukata.

Kwa kuwa majina ya ukoo ya Kihispania yanafanana mno, kila ukoo una jina la utani la familia. Matangazo ya vifo ya Guam huyataja majina hayo, kwa kuwa bila hayo msomaji hajui marehemu ni wa upande gani na yeye anawiwa ika au la. Msiba wenyewe una siku tisa za rozari ya hadhara, kisha mara nyingi tisa nyingine za wanafamilia, na kila jioni watu hulishwa.

Ni kweli wanakula tambuu?

Kweli kabisa, na viungo ni vilevile vya pwani yetu: popoo (pugua'), jani la mtambuu (pupulu) na chokaa (åfok) inayotokana na matumbawe yaliyochomwa. Popoo yenye moyo mwekundu ndiyo inayopendwa zaidi. Hupitishwa kwenye rozari na mikutano ya familia. Popoo husababisha saratani ya kinywa, iwe imechanganywa na tumbaku au haijachanganywa, na madaktari wa visiwani hulisema hilo wazi.

Katika chakula chao, kipi ni cha kale na kipi kimeletwa?

Vya kale ni nazi, shelisheli (lemmai), majimbi (suni), viazi vikuu (dågu), ndizi, samaki, popo wakubwa wa matunda (fanihi) na mchele. Mchele ndio wa ajabu, kwa sababu visiwa vingine vya Pasifiki havikuulima kabla ya Wazungu. Mariana walikuwa nao na waliula siku za shughuli. Wahispania walileta mahindi kutoka Mexico, jiwe la kusagia, pilipili, mbegu za rangi za achote, ng'ombe na paa. Kutoka Ufilipino ukaja ugemaji wa tembo la mnazi, tuba, linalotumika hata kuumulia vitumbua vya mvuke viitwavyo potu. Japani ikaleta sosi ya soya. Marekani, nyama ya kopo.

Fanihi usimtafute: analindwa kisheria na wamebaki wachache. Nyoka wa mitini aliyeingia na shehena za kijeshi baada ya vita amemaliza karibu ndege wote wa msituni Guam, na watoto wa fanihi hawakupona.

Wali mwekundu (hineksa' aga'ga') hupikwaje?

Hakuna meza ya shughuli bila huu wali. Rangi yake hutoka kwenye achote, ndiyo biksa, ambayo Pwani ya Kenya huitwa mrangi na hulimwa Kwale.

Kwa vikombe 2 vya mchele: nusu kikombe cha mbegu za mrangi, vikombe 2 na nusu vya maji ya uvuguvugu, kitunguu 1, vijiko vikubwa 3 vya mafuta na kijiko cha chai 1 na nusu cha chumvi. Loweka mbegu nusu saa, kisha zifikiche kwa vidole ndani ya maji mpaka ziache rangi na kubaki nyeusi. Chuja, acha maji yatulie, mimina taratibu na uliache tope la chini. Kaanga kitunguu hadi kilainike (wengi huongeza vipande vya nyama ya nguruwe ya kukaushwa, asiyekula aache), tia mchele uliooshwa, geuza dakika moja, mimina maji ya rangi na chumvi. Yakichemka punguza moto, funika, dakika 18 hadi 20, kisha uache dakika 10 bila kufunua.

Wali ukiwa mchungu, ulichemsha mbegu badala ya kuloweka. Ukiwa na mchanga mchanga mdomoni, ulimimina tope. Ukiwa na rangi ya chungwa iliyopauka, mbegu ni za zamani au hukufikicha vya kutosha. Tumia mchele mfupi unaoshikana. Pishori au basmati hutawanyika na wali hauchoteki vizuri pamoja na mchuzi. Na vaa nguo ya kazi, maana rangi hii haitoki.

Kelaguen ni kitu gani, na ni salama?

Ni nyama au samaki aliyekatwakatwa na kukolezwa limau, pilipili, vitunguu vya majani na nazi mbichi. Huliwa baridi. Ya kuku ndiyo maarufu.

Choma kilo moja ya mapaja ya kuku kwa mkaa mpaka yaive hadi mfupani. Wapishi wa zamani waliyatoa yakiwa nusu mabichi, wakaliachia limau limalizie. Usifanye hivyo. Limau hugeuza nyama ya kuku kuwa nyeupe lakini haliui vijidudu vyake. Acha ipoe, toa mifupa, katakata kwa kisu vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Mashine ya kusagia huifanya uji.

Changanya na robo tatu za kikombe cha maji ya limau au ndimu (anza na nusu kikombe, ongeza), fungu moja la vitunguu vya majani, pilipili kichaa 5 hadi 10 na chumvi kijiko cha chai kimoja. Onja: sasa iwe kali kupita kiasi. Mwisho kabisa tia nazi moja iliyokunwa. Nazi hupooza ukali, kwa hiyo ukionja ikiwa sawa kabla ya nazi, baadaye itakuwa chapwa.

Nazi iwe imekomaa ila haijakauka, na uikune wakati huohuo kwa mbuzi. Nao wanaye mbuzi wao, kåmyo, kibao cha kukalia chenye chuma cha meno mbele. Usiikamue tui, machicha hayana ladha na hufyonza limau lote. Ya pakiti ni hivyohivyo.

Tatizo kubwa la kelaguen ni muda. Nazi mbichi huchacha upesi kwenye joto. Baada ya saa mbili mezani huanza kuteleza na kunuka kama pombe, basi itupe. Weka bakuli juu ya barafu. Ya kamba mbichi (uhang) hutaka kamba wa siku hiyohiyo, vinginevyo wachemshe dakika moja kwanza.

Na fina'denne'?

Ni kachumbari ya majimaji inayokaa kwenye kila meza. Nusu kikombe cha sosi ya soya, nusu kikombe cha limau au siki, nusu kitunguu kilichokatwa, pilipili unazozimudu. Iache dakika 15. Usitie chumvi. Ipo pia ya tui kwa ajili ya samaki: tui zito, chumvi, pilipili, na limau litiwe wakati wa kula, kwa sababu likikaa tui hukatika.

Titiyas ina tofauti gani na chapati?

Ya ngano ni nene, tamu kidogo na haikaangwi kwa mafuta. Vikombe 3 vya unga, theluthi ya kikombe cha sukari, beking pauda vijiko vya chai 2, siagi vijiko vikubwa 3, na tui zito kikombe kimoja, ulitie kidogokidogo. Usikande sana, ikikandwa kama chapati huwa ngumu. Sukuma unene wa nusu sentimita, toboa kwa uma, oka kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo. Moto ukizidi, sukari huungua nje na ndani hubaki mbichi. Ya mahindi ni ya zamani zaidi na haina sukari.

Shelisheli wanalipikaje?

Gollai åppan lemmai: paka kisu mafuta dhidi ya utomvu, menya, toa moyo, kata vipande. Chemsha kwa tui jepesi na chumvi dakika 20 hadi lilainike, kisha tia tui zito na utikise sufuria bila kufunika mpaka lishikamane. Ni nazi na chumvi, basi.

Fadang inaliwa?

Ni mbegu za mti wa jamii ya mtapo, Cycas micronesica. Zina sumu. Wazee walizikata, wakaziloweka siku nyingi wakibadilisha maji, wakazianika na kusaga unga wa titiyas, hasa nyakati za njaa na vita. Katikati ya karne ya 20 Guam, hasa kijiji cha Umatac, ilikumbwa na ugonjwa wa kupooza na kusahau uitwao lytico-bodig, kwa kiwango cha mara 50 hadi 100 kuliko kwingineko. Fadang ilishukiwa, na hadi leo wanasayansi hawajakubaliana. Ugonjwa umepungua sana. Usijaribu kuitayarisha nyumbani.

Kuna miiko ya kuingia msituni?

Ipo. Taotaomo'na, watu wa zamani, wanaaminika kukaa msituni na hasa kwenye mti wa nunu, aina ya mkuyu wenye mizizi inayoning'inia. Kabla ya kuingia au kukojoa unaomba ruhusa kwa Guella yan Guello, bibi na babu. Anayerudi na uvimbe usioeleweka hupelekwa kwa suruhåna, mganga wa mitishamba na kukanda. Wakatoliki wazuri kabisa hufanya haya yote na hawaoni mgongano.

Nikialikwa kwenye fiesta, nifanyeje?

Kila kijiji kina mtakatifu wake na siku yake. Salimia wazee kwanza. Meza hupangwa kwa utaratibu: mwanzoni aggon, yaani wali, titiyas, majimbi na shelisheli, halafu totche', nyama na samaki, kisha kelaguen, vitamu huwa peke yake. Anza na aggon, usijaze nyama kwanza. Sala ikisomwa, wazee na wageni hutangulia.

Ukiondoka utafungiwa chakula kwenye karatasi ya aluminiamu, balutan. Kukikataa ni kumwambia mwenye nyumba hakupika cha maana. Kipokee, na kama kuna kelaguen ndani, iende kwenye friji ukifika tu.